Frederick Fennell: Mpiga ngoma aliyezifikisha bendi za matarumbeta katika ngazi ya uzamili

KWA watu wengi, bendi ya matarumbeta ni sauti ya sherehe. Ndiyo inayotangulia gwaride siku ya Madaraka na ya Jamhuri, ndiyo inayopiga wimbo wa taifa rais anapowasili uwanjani, na ndiyo inayosindikiza jeneza la kiongozi hadi kaburini. Ikishamaliza kazi yake, ni nadra mtu kuuliza aliyeiongoza ni nani, wala alisomea wapi kazi hiyo.

Hali ilikuwa vivyo hivyo nchini Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Taifa hilo lilijaa bendi: za jeshi, za polisi, za viwanda, za shule na za vyuo. Hata hivyo, wasomi wa muziki waliziona kuwa burudani ya uwanjani. Kwao, muziki wa kweli ulikuwa wa okestra, yaani kundi kubwa la wapiga fidla likisaidiwa na wapuliza ala wachache wanaoketi nyuma.

Walioongoza bendi hizo walijifunza kazi kwa kushika. John Philip Sousa, aliyejulikana kote duniani kuwa mfalme wa muziki wa gwaride, aliandikishwa katika bendi ya wanamaji jijini Washington akiwa na umri wa miaka 13 tu. Aliiongoza bendi hiyo kati ya 1880 na 1892, kisha akaunda yake na kuzunguka nayo duniani bila kudaiwa shahada na mtu yeyote.

Leo mambo ni tofauti. Anayetaka kufundisha na kuongoza bendi katika chuo kikuu cha Marekani hutarajiwa kuwa na shahada ya uzamili katika uongozaji wa ala za kupuliza, na mara nyingi ya uzamifu pia. Nafasi za masomo hayo ni chache mno na waombaji ni wengi.

Miongoni mwa waliochangia zaidi mageuzi hayo ni mwanamume mfupi wa kimo, mpiga ngoma kutoka Ohio, ambaye wazo lake kuu lilikomaa akiwa mgonjwa kitandani. Jina lake ni Frederick Fennell.

NGOMA KAMBINI

Fennell alizaliwa mnamo Julai 2, 1914, katika jiji la Cleveland, jimbo la Ohio. Jamaa zake walikuwa na kambi waliyoiita Camp Zeke, ambako walikuwa na kundi lao la filimbi na ngoma lililofuata mtindo wa kale wa kijeshi.

Akiwa na umri wa miaka saba, mtoto huyo alichagua ngoma. Samaki hukunjwa angali mbichi, na tangu siku hizo za kambini hadi uzeeni Fennell alibaki mpiga ngoma moyoni, hata alipokuwa akisimama mbele ya okestra kubwa akiwa na kijiti cha kuongozea mkononi.

Katika shule ya upili ya John Adams jijini humo, alipiga ngoma katika okestra na pia akawa kiongozi wa bendi katika gwaride, yule anayetembea mbele akirusha fimbo.

Tukio lililomfungulia njia lilitokea Julai 1931. Alikuwa ametimiza umri wa miaka 17 na alikuwa akihudhuria kambi ya kitaifa ya muziki ya Interlochen, katika jimbo la Michigan, iliyowakusanya vijana wenye vipawa kutoka pembe zote za nchi.

Aliyealikwa kuwaongoza vijana hao alikuwa Sousa mwenyewe, wakati huo mzee wa miaka 76. Mkongwe huyo alikuja na wimbo mpya wa gwaride, Northern Pines, alioutunga kwa ajili ya kambi hiyo. Ulipopigwa hadharani kwa mara ya kwanza, aliyekuwa akipiga ngoma kubwa alikuwa Fennell.

Sousa alifariki Machi 1932, miezi michache tu baada ya tamasha hilo. Kijana aliyemtazama kutoka safu ya nyuma ndiye angekuja kuuliza maswali ambayo mzee huyo hakulazimika kujiuliza: je, bendi inaweza kusikilizwa kwa utulivu ukumbini bila gwaride? Je, anayeiongoza anapaswa kuwa msomi?

CHUONI ROCHESTER

Mwaka wa 1933 Fennell alijiunga na Eastman School of Music, chuo cha muziki kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Rochester katika jimbo la New York. Chuo hicho kilikuwa kimefunguliwa mwaka wa 1921 kwa fedha za George Eastman, tajiri aliyeasisi kampuni ya kamera ya Kodak. Mkurugenzi wake alikuwa mtunzi Howard Hanson.

Fennell alikuja kusomea ngoma, lakini hakukaa kitako. Mara tu alipofika, aliunda bendi ya gwaride ya kusisimua mechi za kandanda ya Kimarekani chuoni humo. Msimu wa mechi ulipokwisha na theluji kuanza kuanguka, hakuivunja bendi hiyo. Aliiingiza ndani na kuigeuza kuwa bendi ya matamasha.

Uamuzi huo unaonekana mdogo, lakini ndio uliomlea. Mwanafunzi ambaye hakuwa amehitimu hata shahada ya kwanza alijikuta, wiki baada ya wiki, mbele ya makumi ya wenzake, akilazimika kuwaambia ni wapi wamekosea na namna ya kurekebisha. Hiyo ni bahati ambayo wanafunzi wa uongozaji huililia hadi leo.

Sababu ni kwamba anayesomea kinanda anaweza kujifungia chumbani na kinanda chake usiku kucha. Anayesomea uongozaji hana ala ya kufanyia mazoezi peke yake, kwani ala yake ni watu. Wasipokuwepo watu 40 au 50 walio tayari kumvumilia anapokosea, hawezi kujua kama ishara ya mkono wake inaeleweka.

Fennell alipata shahada ya kwanza mwaka wa 1937, akaendelea na masomo ya uzamili papo hapo Eastman.

Mwaka wa 1938 alipata ufadhili wa kwenda kusomea uongozaji katika chuo cha Mozarteum, mjini Salzburg, Austria, alikozaliwa Mozart. Ulikuwa mwaka wa misukosuko, kwani mnamo Machi majeshi ya Hitler yalikuwa yameingia Austria na kuifanya sehemu ya Ujerumani.

Alirejea Rochester, akahitimu uzamili mwaka wa 1939 na mwaka huo huo akaajiriwa kuwa mwalimu katika chuo kilichomsomesha.

MASOMO YENYEWE

Si wengi wanaojua kinachosomwa na mtu anayesomea kuongoza ala za kupuliza. Mtazamaji huona mikono ikipepea na kudhani kwamba kazi yote ni kuhesabu mapigo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya mazoezi kuanza, mezani, mbele ya ukurasa wa nota.

Mpuliza tarumbeta huwa na mstari wake mmoja tu. Mwongozaji huwa na mistari ya ala zote, mmoja juu ya mwingine, wakati mwingine zaidi ya 20 katika ukurasa mmoja. Hupaswa kuisoma yote kwa pamoja na kuisikia akilini kabla hajamsikia mtu yeyote akipuliza.

Ugumu huongezeka kwa sababu ala nyingi za kupuliza hazitoi sauti ile ile iliyoandikwa. Klarineti ikisoma nota moja, sikio husikia nyingine iliyo chini yake kidogo. Baragumu la Kifaransa hushuka chini zaidi, na saksafoni hutofautiana zenyewe kwa zenyewe. Mwongozaji asiyeweza kugeuza haya kichwani papo hapo hawezi kumsahihisha mtu.

Kuna pia suala la pumzi. Mpiga fidla anaweza kuvuta uta wake kwa muda mrefu bila kukoma, lakini mpulizaji ni lazima avute hewa. Kwa hivyo mwongozaji wa bendi hupanga ni wapi watu wavute pumzi, na yeye mwenyewe huvuta pamoja nao. Ishara yake ya kwanza ikikosa pumzi, sauti ya kwanza huja imetawanyika.

Halafu kuna mizani ya sauti. Tromboni nne zikiachiliwa huru zinaweza kuzimeza filimbi zote. Mtunzi huandika ishara moja ya kupaza sauti kwa wote, lakini ni mwongozaji anayeamua nani apunguze ili mwenzake asikike.

Katika miaka ya ujana wa Fennell, mafunzo ya ngazi ya juu ya uongozaji yaliegemea okestra. Aliyetaka kuongoza bendi alijifunza kwanza okestra, kisha akahamisha maarifa hayo yeye mwenyewe. Ndivyo Fennell alivyofanya.

Mwaka wa 1942 alichaguliwa kujiunga na darasa la uongozaji la Serge Koussevitzky, mzaliwa wa Urusi aliyekuwa akiongoza okestra ya Boston. Darasa hilo lilifanyika Tanglewood, katika jimbo la Massachusetts, na miongoni mwa waliokuwa naye huko walikuwa Leonard Bernstein na Lukas Foss.

Hapo njia zikaachana. Bernstein aliingia katika ulimwengu wa okestra na kufikia 1943 jina lake lilikuwa likivuma New York. Fennell, kwa upande wake, alihudumu mwaka huo kama mshauri wa kitaifa wa muziki katika shirika la USO lililowaburudisha wanajeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vita vilipokwisha alikuwa Rochester, miongoni mwa wapuliza matarumbeta wake.

KITANDANI HOSPITALINI

Mnamo Februari 5, 1951, Fennell aliandaa tamasha la aina yake chuoni Eastman. Hakukuwa na gwaride wala nyimbo za uwanjani. Wasikilizaji walitembezwa katika historia ya karne nne za muziki wa ala za kupuliza, kuanzia watunzi wa kale wa Venice, kupitia Mozart, hadi Stravinsky.

Wanafunzi waliingia na kutoka jukwaani kulingana na mahitaji ya kila utungo. Mmoja ulihitaji watu wachache, mwingine ulihitaji wengi. Tamasha lilipokwisha, mwalimu huyo alibaki na swali: kwa nini utaratibu huu uwe wa usiku mmoja tu?

Kabla ya mwaka huo kwisha, aliugua ugonjwa wa ini na kulazwa hospitalini kwa majuma kadhaa. Hakuwa na bendi wala darasa, na wala hakuweza kuamka. Alichokuwa nacho ni muda wa kufikiri.

Tatizo aliloliona lilikuwa wazi. Bendi za vyuo za wakati huo zilikuwa kubwa, baadhi zikiwa na watu 80, 100 au zaidi. Klarineti 20 zilipuliza mstari mmoja. Mwanafunzi aliyekosea alifichwa na 19 waliopatia, na aliyepatia hakujulikana. Sauti ilikuwa nene na nzito, na watunzi mashuhuri hawakuvutiwa nayo.

Isitoshe, sehemu kubwa ya nyimbo zilizopigwa hazikuwa zimeandikiwa bendi. Zilikuwa za okestra, zikapunguzwa na kubadilishwa ili klarineti zishike nafasi ya fidla. Bendi ilikuwa ikiishi kwa nguo za kuazima.

Katika okestra mambo yalikuwa kinyume. Kila mpulizaji alikuwa na mstari wake pekee, naye aliwajibika kwao. Fennell akajiuliza kwa nini bendi isifuate kanuni hiyo: mtu mmoja kwa kila mstari, na kusiwe na wa kujificha nyuma yake.

Alipanga hesabu ya wanamuziki wapatao 45. Alichukua ala za kupuliza za okestra, akaongeza saksafoni na ala nyingine kutoka bendi za kijeshi, pamoja na ngoma za aina zote. Mtunzi angekuwa huru kuchagua yeyote kati yao, kama mpishi anavyochagua viungo, bila kulazimika kuwatumia wote kwa pamoja.

Alipopona, aliliwasilisha wazo hilo kwa Hanson, na mkurugenzi huyo akalikubali.

BARUA 400

Fennell alijua kwamba kundi bila nyimbo zake lenyewe lingekufa. Akawaandikia barua watunzi wapatao 400 katika sehemu mbalimbali duniani, akiwaeleza azma yake na kuwaomba waandikie kundi hilo. Hakuwa na fedha za kuwalipa. Alichoahidi ni kwamba wakiandika, kazi zao zingepigwa.

Miongoni mwa waliojibu kwanza walikuwa Mmarekani Vincent Persichetti, Percy Grainger mzaliwa wa Australia, na Ralph Vaughan Williams wa Uingereza. Kwa mwalimu wa bendi ya chuo, kujibiwa na magwiji wa kiwango hicho kulikuwa ishara kwamba tatizo halikuwa ala zenyewe. Watunzi walikuwa wakingoja kuombwa.

Mazoezi ya kwanza ya kundi hilo, lililoitwa Eastman Wind Ensemble, yalifanyika Septemba 20, 1952. Tamasha la kwanza lilifuata Februari 8, 1953, likiwa na tungo tatu pekee: Serenade ya Mozart katika B-flat, utungo wa Wallingford Riegger wa ala tisa za shaba, na Symphony in B-flat ya Paul Hindemith, iliyokuwa imeandikiwa bendi ya jeshi la nchi kavu la Marekani mwaka wa 1951.

Mpangilio huo ulikuwa hoja yenyewe. Mozart alionyesha kwamba ala za kupuliza zilikuwa na urithi wa kale, Riegger akathibitisha nguvu ya ala za shaba zikiwa peke yake, naye Hindemith akadhihirisha kwamba mtunzi mkubwa wa wakati huo anaweza kuandikia bendi kazi nzito.

Mwaka huo huo wa 1953 kampuni ya Mercury ilianza kurekodi muziki wa kundi hilo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa wametoa sahani za santuri zaidi ya 20. Sahani hizo ziliwafikia walimu na wanafunzi katika miji midogo ambayo haikuwahi kutembelewa na bendi ya kiwango hicho.

Moja ya kazi hizo ilimrudisha Fennell Camp Zeke. Marekani ilipoadhimisha miaka 100 tangu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865, alirekodi muziki wa bendi za pande zote mbili za vita hivyo kwa kutumia ala za wakati huo, pamoja na filimbi na ngoma za askari.

Mwaka wa 1954 alichapisha kitabu, Time and the Winds, kilichoeleza historia ya ala za kupuliza. Miaka miwili baadaye alitoa kingine kuhusu urithi wa wapiga ngoma.

LAWAMA

Hata hivyo, si kila mtu aliyeshangilia. Wapo walimu walioona kwamba mpango wa mtu mmoja kwa kila mstari ungewanufaisha wachache wenye vipawa na kuwafungia mlango wengi. Walisema kazi ya bendi ya shule ni kumpa kila mtoto nafasi, hata yule ambaye bado anajifunza kushika tarumbeta.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na mjadala huo haujazimika hadi leo. Vyuo vingi vilichagua kuwa na vyote viwili: kundi dogo la waliobobea na bendi kubwa ya wengine. Fennell mwenyewe alilelewa na bendi kubwa na hakuacha kuziongoza maisha yake yote. Alichokataa ni dhana kwamba ukubwa ndio ubora.

Mwaka wa 1962 aliondoka Eastman baada ya zaidi ya miaka 20 ya kufundisha, akaenda kuwa naibu wa mkurugenzi wa muziki wa okestra ya Minneapolis. Alidumu huko hadi 1964. Mwanafunzi huyo wa Koussevitzky hakuwahi kupewa mojawapo ya okestra kubwa za Marekani iwe yake.

Mwaka wa 1965 alirejea darasani, safari hii katika Chuo Kikuu cha Miami, Florida, alikofundisha hadi mapema miaka ya 1980. Kundi aliloliacha Rochester halikusambaratika. Tangu 1965 liliongozwa na Donald Hunsberger kwa zaidi ya miaka 35, naye akawalea wanafunzi wengi wa uzamili na uzamifu waliokwenda kuongoza bendi katika vyuo vingine.

MAKOSA KATIKA NOTA

Pengine mchango wa Fennell usiojulikana sana na umma ni ule alioufanya akiwa na kalamu. Kwa miaka mingi wachapishaji waliwauzia waongozaji wa bendi nota zilizofupishwa, mistari ya ala zote ikiwa imebanwa pamoja. Mwongozaji wa okestra alipewa ramani nzima, ilhali mwenzake wa bendi alipewa mchoro wa juu juu.

Mfano mmoja ni Lincolnshire Posy, utungo wa Grainger wa mwaka wa 1937 uliotokana na nyimbo za wanakijiji wa Uingereza. Ulipopigwa mara ya kwanza jijini Milwaukee, baadhi ya wanamuziki, ambao wengi wao walitoka bendi za viwanda vya bia, walishindwa na mapigo yake yasiyo ya kawaida. Kati ya sehemu sita, zilipigwa tatu tu.

Nota zilizochapishwa baadaye zilikuwa na makosa mengi, na hazikuwa na ukurasa kamili wa mwongozaji. Fennell aliurekodi utungo huo na kundi la Eastman, kisha akaendelea kuuchunguza kwa miaka na mikaka, akilinganisha mstari kwa mstari. Mwaka wa 1987 toleo kamili alilolisahihisha lilichapishwa, miaka 50 baada ya kazi hiyo kutungwa.

Alifanya utafiti kama huo kuhusu tungo za Gustav Holst, akirejea miswada ya mtunzi mwenyewe, na kuchapisha makala ndefu katika jarida la walimu wa muziki. Makala hayo yakawa miongoni mwa marejeleo ya kila anayesomea uongozaji wa bendi.

Kwa namna hiyo, Fennell aliwaonyesha wanafunzi kwamba wimbo wa bendi unastahili kuchunguzwa kwa makini yale yale anayopewa Beethoven. Masomo ya uzamili hayawezi kusimama bila kazi zinazostahili kuchunguzwa, wala bila maandishi ya kuzichunguzia. Yeye alichangia yote mawili.

Mnamo Aprili 1978, akiwa na wapulizaji na wapiga ngoma wa okestra ya jiji lake la kuzaliwa, Cleveland, alirekodi tungo za Holst kwa kampuni ya Telarc. Sahani hiyo ilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa kurekodiwa kidijitali nchini Marekani, na mdundo wa ngoma yake kubwa uliwashangaza wapenzi wa muziki. Ilikuwa ala ile ile aliyoipiga mbele ya Sousa mwaka wa 1931.

HESHIMA UGENINI

Wakati wenzake wa rika lake walipokuwa wakistaafu, Fennell alianza ukurasa mpya. Mwaka wa 1984, akiwa na umri wa miaka 70, alikuwa mwongozaji mkuu wa Tokyo Kosei Wind Orchestra nchini Japan, kundi la wanamuziki wa kulipwa linalopiga ala za kupuliza pekee.

Alilitumikia hadi 1996, akarekodi nalo sahani nyingi na kuzunguka nalo. Katika nchi ambayo maelfu ya shule zina bendi, mzee huyo alipokewa kama shujaa. Mwaka wa 1992 ukumbi wa muziki uliopewa jina lake ulifunguliwa katika mji wa Kofu.

Chanda chema huvikwa pete, na nyumbani pia hakusahauliwa. Chuo cha Eastman kilimtunuku shahada ya heshima ya uzamifu mwaka wa 1988. Alikuwa amewafungulia wengine njia ya kuisomea shahada hiyo, ilhali yeye mwenyewe masomo yake ya darasani yaliishia katika uzamili wa 1939.

Siku hizi anayeomba nafasi ya uzamili katika uongozaji wa ala za kupuliza hutuma video ya mazoezi aliyoyaongoza. Akiitwa, husimamishwa mbele ya bendi asiyoijua na kupewa dakika chache tu. Jopo la walimu huangalia kama anasikia makosa, kama anayasahihisha bila kumdhalilisha mtu, na kama bendi inasikika vizuri zaidi anapomaliza kuliko alipoanza.

Tungo anazoulizwa aghalabu ni za Holst, Grainger, Hindemith na Persichetti. Na mara nyingi kundi linalomngoja ni la watu wapatao 45, kila mmoja na mstari wake.

Fennell aliaga dunia mnamo Desemba 7, 2004, nyumbani kwake Siesta Key, Florida, akiwa na umri wa miaka 90.

Kulingana na masimulizi yaliyotolewa na familia yake, muda mfupi kabla ya kukata roho mzee huyo alisikitika kwamba hawezi kuondoka bila mpiga ngoma wa kumsindikiza. Baadaye kidogo akawaambia waliokuwa naye kwamba anamsikia akija.